Sura Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

8 Januari

Mdogo wangu Mpekuzi,

Pokea salamu kutoka nyumba yenye bomba linalovuja. Ndiyo, mume wangu anaziba mabomba ya mji mzima isipokuwa la kwetu, na nikimkumbusha ananiambia nipange foleni kama wateja wengine. Mguu wake umepona, sasa anapanda ngazi bila kupiga kelele. Mimi nimemaliza kushona dazeni nne za sare za shule na mabega yanaomba likizo. Na mumeo, Mwalimu wako, hajambo? Mwambie namsalimu, na amalize kusahihisha hayo madaftari akuachie nafasi ya kusafiri.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Majuzi redioni wametangaza changamoto ya kusoma: kila msikilizaji asome vitabu kumi na viwili kwa mwaka, kimoja cha safari, kimoja cha mapenzi, kimoja sijui cha nini. Nikasema moyoni, mimi na Mpekuzi tunataka maiti. Tufanye changamoto yetu, riwaya za upelelezi tupu. Wewe unanitumia vya kabatini kwako, mimi nakutumia vya kwangu, na kila kitabu kinatoka sura yake ya mwisho ikiwa imeshonwa kwa uzi, kama alivyokuwa akifanya marehemu Mama. Hujasahau kwa nini alianza. Ulikuwa na miaka tisa, unapekua kurasa za mwisho halafu unakuja mezani, chakula kimejaa mdomoni, unamtaja muuaji mbele ya watu wote ambao bado hawajafika nusu. Mama akachukua sindano, akashona ile sura ukingoni, na jina la Mpekuzi likakuganda hadi leo.

Sheria ni zilezile za Mama. Unasoma mpaka kwenye uzi. Unaandika kwenye barua mtuhumiwa wako ni nani. Barua ikishatumbukia sandukuni ndipo unakata. Atakayetangulia kufika kumi na viwili ameshinda, na aliyeshindwa ndiye atakayepanda gari kumfuata mwenzake. Ni miaka mitano sasa tangu tulipomzika Mama, na hatujaonana hata siku moja.

Kwenye kifurushi hiki kuna vitatu. Anza na kile cha maiti ndani ya lifti.

Uje nikuone.

Dada yako


19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na Mwalimu anakusalimu sana. Ofisini wametuhamishia masjala chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Ni mimi, mafaili hadi darini, na feni inayohamisha vumbi kutoka kona hii kwenda ile. Bosi mpya anaamini mafaili hujipanga yenyewe. Shemeji Fundi mpe pole ya mguu, na mwambie nimecheka kuhusu bomba.

Changamoto nimeikubali, na nakuonea huruma mapema. Ya lifti nimeisoma saa za mapumziko ya mchana, kwa siku mbili, nimejificha nyuma ya rafu ya herufi M. Mtuhumiwa wangu ni mlinzi wa mlangoni. Anadai hakusikia kitu usiku ule, na mwanzoni tuliambiwa mbwa wake hubweka hata jani likianguka. Cha pili nilikisoma mpaka nikasahau jikoni. Chai yangu ya kikombe kimoja ikakauka na sufuria nimelisugua siku nzima. Humo namshuku shangazi, kwa kuwa ndiye pekee asiyeuliza amekufaje. Cha tatu bado nipo katikati.

Nimekushonea vinne. Kwenye kile cha daktari wa meno angalia sana saa, sisemi zaidi.

Kuhusu kuja, tusiwe na haraka. Mwaka huu kazi zimetubana mimi na Mwalimu, hatujui hata Jumapili inapita saa ngapi. Hata hivyo nitashinda, kwa hiyo begi andaa wewe. Tutaonana tu.

Mdogo wako


2 Aprili

Mpekuzi wangu,

Hatujambo. Fundi amepata kazi kwenye jengo la ghorofa sita na anarudi ameloa kama aliyeogelea. Cherehani nimemwachia jirani aitumie, nimezichoka sare. Naandika kwa herufi kubwa ili macho yako ya masjala yasipate taabu, unaona ninavyokujali. Siku hizi naitazama dunia kwa tundu la kifungo, ila humo tunduni mna mambo.

Utaona nimebadili uzi. Mweupe kwenye karatasi nyeupe unanichezea mchezo wa kujificha, kwa hiyo sasa nashona kwa mwekundu. Mama angesema unapendeza.

Vyako vinne nimemaliza, na kimoja cha kuazima kwa jirani, kwa hiyo nina vitano. Katika kile cha daktari wa meno mtuhumiwa wangu ni yule ndugu yake mwenye duka la saa. Cha hoteli, namshuku mpishi. Vingine nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Nikwambie kitu. Imebaki sura moja tu ninayoitaka mwaka huu. Nikiipata hiyo, hata nisiposoma tena sitanung'unika. Kwa hiyo jitahidi ushindwe upesi, uje kabla ya mwezi wa nane. Kama Mwalimu ana kazi, njoo peke yako. Kitanda cha chumba cha cherehani ni cha mtu mmoja, na mimi si mtu wa kuuliza maswali.

Uje nikuone.

Dada


14 Mei

Dada,

Shikamoo. Kwangu ni salama, Mwalimu anakusalimu sana. Mvua imeingia masjala, tumeanika mafaili kwenye kamba kama nguo.

Dada, mshono gani huu? Mtu aliyeshonea mji mzima sare! Kile kitabu cha treni uzi umetoka nje ya ukingo, mahali pengine umeruka upana wa vidole viwili, mahali pengine umerudi palepale mara tano kama mtu aliyepotea njia. Ningetaka kupekua ningepekua bila mkasi. Na kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na moja kuna tone la damu. Kwanza nilidhani ni madoido ya mchapishaji. Ulikuwa unashona au unapigana?

Halafu huyo mwenye duka la saa. Alikufa sura ya tatu. Alizikwa, watu wakalia, kofia yake ikawekwa juu ya jeneza. Amemuuaje daktari wa meno sura ya saba? Ulikisoma kitabu hicho au ulikipitia kama unavyopitia sokoni?

Na hiyo sura moja unayoitaka, nakujua, mkono umeshaanza kukuwasha. Usikate mapema! Mwishowe jina la Mpekuzi tutakuhamishia wewe.

Mimi nina saba. Kuhusu mwezi wa nane, sidhani. Kazi ni nyingi.

Mdogo wako


11 Juni

Mpekuzi,

Sisi wazima. Bomba bado.

Nina kumi. Cha bustani: mtunza maua. Cha meli: nesi. Cha mapacha: yule aliyefungua mlango mwanzoni. Vile vingine viwili: mume, na mume.

Mwezi ujao namaliza, kwa hiyo anza kutafuta begi lako. Ukiniandikia, tumia kalamu nzito, wino mweusi.

Uje nikuone, mdogo wangu. Uje upesi nikuone.

Dada


9 Julai

Dada,

Mwalimu anakusalimu sana.

Nimefanya kazi masjala miaka kumi na minne. Nimewahi kumkamata mtu aliyeghushi sahihi kwa mkia wa herufi moja. Jana, Jumamosi, nimezipanga barua zako mezani kwa tarehe, na vitabu ulivyonishonea pembeni yake, nikavitazama kama ninavyotazama faili lenye mashaka. Nimeumia, na nitakwambia nilichokiona.

Januari uliandika kurasa mbili zilizojaa. Juni umeandika mistari kumi kwa herufi kubwa, ya mtu anayejaza karatasi kwa sababu hana la kusema. Watuhumiwa wako wote wanatoka kwenye kurasa ishirini za kwanza. Mshono wako ni wa mtu anayefanya kitu huku anatazama kwingine. Kila barua unanihimiza nije, nije, nije, lakini hujauliza hata mara moja nimeshinda wapi, nimekula na nani.

Hukumu yangu ni kwamba husomi. Unafungua, unanusa, unaandika jina lolote lililo karibu, unaongeza namba. Unanibembeleza kama mtoto anayepewa funguo achezee ili anyamaze. Dada, kwangu hivi vitabu si mchezo. Kuna siku ambazo sauti yako kwenye karatasi ndiyo sauti pekee humu ndani, na wewe unaniletea "mume, na mume".

Nimepiga mstari vitabu vinne. Una sita, mimi nina nane, na tukienda hivi wewe ndiye utakayepanda gari. Usiniandikie tena mpaka uwe umesoma kitabu kizima kwa macho yako mwenyewe.

Mdogo wako


15 Oktoba

Mpekuzi,

Usishtuke, mwandiko huu ni wa Fundi. Anaandika kwa ile penseli nene ya kutilia alama mabomba, na kila baada ya maneno matatu ananiambia nisubiri. Nimemwapisha aandike ninachosema tu na asiongeze chake. (Hali chakula. Fundi.) Anasema hajaongeza kitu.

Barua yako ya Julai ilifika wakati wake. Mimi ndiye niliyechelewa. Niliiweka chini ya mto wiki tatu nikisubiri siku yenye mwanga mzuri, maana nilijidanganya kwamba tatizo ni mawingu. Likatoka jua kali, nikaenda nayo hadi barazani, nikaishika hivi, nikaishika vile. Haikuwa mawingu. Ikabidi Fundi anisomee. Alipofika mwisho alitoka nje, akaenda kugongagonga bomba ambalo hajawahi kuligusa, na hakulitengeneza.

Ni presha ya macho. Daktari aliniambia Desemba mwaka jana, kwamba kinachoonekana pembeni kitakwisha kwanza, halafu katikati patabaki tundu, halafu na tundu litafunga. Nikamuuliza lini. Akasema huenda mwaka mzima, huenda mwezi wa nane. Nilirudi nyumbani nikawasha redio ili Fundi asinisikie, na redioni kulikuwa na habari za changamoto ya kusoma.

Ushahidi wako wote ni wa kweli, karani wangu. Watuhumiwa walitoka kurasa ishirini za kwanza kwa sababu ndizo nilizoziweza kabla macho hayajaanza kuwaka moto. Herufi zilikuwa kubwa ili nami nizione. Damu ya ukurasa ule ni yangu. Sindano nilikuwa naitafuta kwa kidole. Ni kweli nilikuwa naongeza namba. Nilikuwa nakimbizana na mwezi wa nane.

Na ile sura niliyokwambia naitaka, wewe ulidhani ni ya kitabu. Ni hiyo uliyonayo wewe, iliyo juu ya shingo yako. Nilitaka nikushinde, uje umenuna, mdomo wa chini umeutoa nje kama ulivyokuwa ukifanya tukikufunga karata, nikae niutazame huo mdomo mpaka nitosheke. Ningekwambia naumwa ungekuja kesho yake, najua. Lakini ungeniletea sura ya kumtazamia mgonjwa, na hiyo sikutaka nikae nayo maisha yangu yote yaliyobaki.

Kwa hiyo sikukwambia. Ni kosa langu, usijitwishe peke yako. Mwisho wa Agosti, siku ya Jumanne, tundu la kifungo lilifunga.

Nimekubali hukumu. Una nane, mimi nina sita, na mwaka huu siongezi. Aliyeshindwa ndiye husafiri. Fundi atanipandisha gari mwezi wa kumi na mbili, nawe utanipokea. Tafadhali usisimame mbali ukisubiri nikupungie mkono. Njoo mpaka kwenye mlango wa gari uniite, na usiache kuniita mpaka nikushike.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umesema sikuuliza. Mwalimu "anakusalimu sana". Maneno hayohayo mawili, barua baada ya barua, tangu mwaka juzi. Mtu mzima hawezi kusalimu vilevile miaka miwili, hata kikohozi hubadilika. Na chai unapika ya kikombe kimoja. Mtuhumiwa wangu ameondoka nyumbani kwako zamani, nami sikutaka kukata uzi kabla hujaniruhusu.

Dada yako

(Analia ila anasema nisiandike. Fundi.)


29 Oktoba

Dada yangu,

Sina salamu leo. Nisamehe. Nisamehe, Dada.

Shemeji Fundi, mstari unaofuata usimsomee. Niliposoma barua nilikaa sakafuni masjala nikalia mpaka bosi akaita mlinzi, na bado nalia, Shemeji, kwa sababu nilimwandikia "kwa macho yako mwenyewe", nilimwandikia hivyo kwa mkono wangu huu, na sijui nitaingiaje kwenye hiyo nyumba. Sasa endelea kusoma.

Mwalimu aliondoka mwezi wa tatu mwaka juzi, akaacha miwani ya kusomea na jozi moja ya viatu, na mimi nikaendelea kukutumia salamu zake. Nilianza kwa kuona aibu, halafu ikawa mazoea. Kila uliponiita niliona nimesimama mlangoni kwako peke yangu, na wewe uliyenishonea gauni la harusi kwa wiki nne unatazama nyuma yangu kumtafuta. Kwa hiyo nikasema kazi nyingi. Nilikuwa naificha sura yangu, na wewe unaihesabia siku. Ningekuja Aprili ungeniona. Ningekuja hata Agosti mwanzoni. Hilo nitakuwa nalo daima, na usiniambie nisijitwishe.

Nimefuta mistari yangu. Uliandika watuhumiwa kabla ya kukata uzi, na sheria za Mama hazikusema popote mtu asome kwa kiasi gani. Vyako ni kumi. Nakuongezea viwili. Kimoja ni cha Mwalimu, ambacho ulimjua mkosaji nami ningali nimekishona. Kingine ni changu, ambacho ushahidi wote ulikuwa mezani, mchana, na mtaalamu wa masjala akaenda kumkamata asiye na kosa. Ni kumi na viwili. Umeshinda.

Aliyeshindwa ndiye husafiri. Usipande gari lolote. Nafika Jumamosi, tarehe 25 Novemba, na ruhusa ya ofisini nimeshaipata.

Mpekuzi wako


12 Novemba

Mpekuzi,

Hii naandika mwenyewe. Fundi amenilazia rula kwenye karatasi na anaishusha kila nikimaliza mstari. Ukiona mstari umepanda juu ya mwenzake ujue kasinzia, sisi tu wazima.

Alinisomea barua yako yote. Fundi anasoma barua kama anavyosoma mita ya maji, haruki namba. Alifika kwenye "usimsomee" akaisoma na hiyo, kwa sauti, kisha akaendelea na yaliyofuata, na alipogundua alikuwa amefika kwenye mlinzi. Tulicheka kwanza. Baadaye hatukucheka. Umeuliza utaingiaje kwenye hii nyumba. Utaingia kwa mlango wa mbele, na bomba utalisikia kabla hujafika.

Yule Mwalimu aache viatu vyake alikoviacha. Gauni lile nilishona kwa ajili yako, yeye nilimpima suruali tu.

Lete kitabu kimoja ambacho uzi wake haujakatwa. Utanisomea mpaka ukingoni, polepole, mchana, barazani. Nitakwambia mtuhumiwa wangu, utaandika, ndipo utakata. Fundi amejaribu kunisomea, lakini yeye hutangaza muuaji ukurasa wa nane na kulala.

Na ukishafika, utoe ule mdomo wa aliyeshindwa, usiuonee haya. Nitaushika kwa vidole. Hivi vimepima watu miaka thelathini na havijawahi kukosea nusu inchi, ila ukitabasamu vitapotea njia.

Nilizoea kumaliza barua zangu kwa maneno mawili, na mkono umeshakwenda kuyaandika mara mbili leo nikauzuia. Sitayaandika tena. Njoo tu.

Dada yako